Viazi vya Mama Nzilani

Mtu akikwambia viazi vitamu ni chakula cha kujaza tumbo tu, jua hajala vya Mbula. Pale Matinyani, miaka ile ya mwanzo wa themanini, harusi ya kanisani haikuhesabika kuwa harusi mpaka sufuria zake zifunuliwe kando ya nyama ya mbuzi. Wazee wasio na meno walijipanga mbele bila haya. Watoto waliramba sahani mpaka upande wa chini, ambako hakukuwa na kitu.

Kazi yenyewe haikutaka mtu wa haraka. Mbula alichimba viazi siku mbili kabla, vile vyembamba vyenye ganda jekundu vilivyoota kando ya mto wa mchanga, akavianika juani vikanyauka kidogo ili utamu ukae. Alivichoma kwenye jivu la moto, si kwenye ndimi za moto, mpaka kidole kikibonyeza kinaacha alama. Akavimenya vingali moto, vidole vimeloweshwa maji, akavikata vipande vinene na kuvipaka samli, chumvi na pilipili iliyopondwa. Kisha vikapangwa kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kingo zilipoanza kuwa za kahawia ndipo alipofunua, akamimina kitu fulani pamoja na maji ya ndimu, akafunika tena kwa muda wa kuimba beti mbili za wimbo wa kanisani, wala si tatu. Angeimba tatu, vingeungua vikawa vichungu.

Hicho kitu fulani ndicho kilichowasumbua watu. Wengine walisema ni sukari guru. Wengine walisema Mbula alikuwa na dawa ya Waswahili wa Mwingi, kwa kuwa aliwahi kuishi huko na marehemu mumewe, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo katika duka la baba yake Sauda, rafiki ya Mbula wa siku zile. Hapo walikaribia ukweli bila kujua. Ni mama yake Sauda, mtu wa asili ya pwani, aliyemfundisha Mbula kula kiazi kwa ndimu na pilipili. Lakini lile wazo la mwisho lilikuwa la Mbula mwenyewe, na lilikuwa asali.

Sasa mgeni atauliza, asali ina siri gani? Ukambani si ndiko kwa nyuki? Ndiyo, lakini kwa watu wa kanisa asali nyingi nyumbani ilikuwa na maana moja tu, nayo ni kaluvu, pombe ya asali waliyokunywa baba zao na ambayo wao walikuwa wameikana mbele ya mhubiri. Ukionekana na kijiko cha asali, una kikohozi. Ukionekana na pipa, una wateja. Kwa hiyo Mbula alinyamaza. Na tuseme ukweli, alinyamaza pia kwa sababu alipenda kuulizwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, mbali na binti yake Nzilani. Huyo alikuwa Kavata. Waliolewa kijiji kimoja mwaka mmoja, wakachota maji kisima kimoja, wakazikiana waume kwa machozi ya pamoja. Kwa miaka kumi Kavata ndiye aliyekoleza makaa, akashika kifuniko, akasimama kwa mgongo kuwaziba wapishi wengine wasione Mbula anamimina nini. Siri ya mtungi muulize kata, na Kavata ndiye aliyekuwa kata.

Basi Nzilani akachumbiwa. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Salama, kule kwenye barabara ya Mombasa, na huko ndiko alikompata Muthama, kijana mpole ambaye mama yake, Muthoki, alikuwa na hoteli ya kulisha madereva. Nzilani alikuwa mtoto wa pekee. Mbula alikuwa ameota siku hiyo tangu msichana akinyonya: yeye amekaa benchi la mbele, pasta anauliza ni nani anayemtoa bibi arusi, naye anasimama. Baba hakuwepo, kwa hiyo kusimama kulikuwa kwake. Hakuomba kingine duniani.

Wageni wangekuwa mia mbili. Mbula akatuma salamu Mwingi, na Sauda akaja kwa basi na vithembe viwili vya asali, yale mapipa madogo ya mti yenye vifuniko vya ngozi. Wakavificha chumbani kwa Mbula, nyuma ya gunia la mbaazi. Kavata alisaidia kusukuma gunia.

"Mama Nzilani," Kavata alisema akijifuta mikono, "hii asali yote! Mtu akiona hii atasema umefungua baa."

"Nani ataona? Ni mimi na wewe tu tunajua."

"Ni kweli," Kavata akacheka. "Ni mimi na wewe."

Siku ile walienda sokoni pamoja wakanunua vitambaa viwili vya kichwa vya sare, vya rangi ya zambarau. Kimoja cha mama ya bibi arusi, kimoja cha rafiki yake.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya harusi wazee wa kanisa walipoingia uani kwa Mbula, wanne, wakiongozwa na Ndululu. Huyu Ndululu alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kutangaza vifo. Alisalimu, akakataa kiti, akasema wamesikia maneno na wameombwa waangalie. Mbula alidhani wataanzia jikoni, au kwenye kibanda cha kuni. Hawakuanzia popote. Walipita sebuleni, wakaingia chumbani, na Ndululu akaenda moja kwa moja kwenye gunia la mbaazi akalivuta.

Mbula hakuvitazama vithembe. Alilitazama lile gunia. Nyumba ilikuwa na magunia sita, na mzee alikuwa amechagua moja.

Bado hakutaka kuamini. Moyo ukimpenda mtu humtafutia wakili. Alijiambia labda watoto waliona, labda Sauda alisema kwenye basi. Kesi iliposikizwa Jumatano mchana, mle kanisani chini ya bati linalolia kwa jua, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba Kavata aitwe. "Yeye anapika na mimi," aliwaambia. "Atawaambia hii asali ni ya nini."

Kavata akaja na Biblia kwapani, akaketi. Hakumtazama rafiki yake.

"Mama huyu anasema asali ni ya makwasi," Ndululu alisema. "Vithembe mbili mzima, ya viazi! Wewe umepika na yeye miaka kumi. Umewahi ona akitia asali kwa viazi?"

Kavata aliitoa Biblia kwapani akaiweka mapajani. Nje mbuzi alilia. Mbula hata alitabasamu kumtia moyo, maana alijua jinsi rafiki yake anavyoogopa wazee.

"Mimi sijawahi kuona asali ikitiwa kwa viazi," Kavata alisema.

"Una hakika?"

"Mbele ya Mungu. Sijawahi."

Lile tabasamu likabaki usoni mwa Mbula kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Aliwaza siku zote alizomgawia mwanamke yule chumvi, unga, mbegu, kilio. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba huuma mahali ulipopakuna mara nyingi zaidi.

Wazee wakampa njia mbili. Akikiri kwamba alitaka kupika kaluvu ya harusi, atatiwa adabu miezi mitatu, harusi iendelee. Akikataa, kesi itapelekwa kwa wazee wa juu, na harusi ingoje mpaka waamue. Vithembe vilifungiwa kwenye stoo ya kanisa. Ndululu alisema vitamwagwa baadaye, ingawa hakuna Mkamba aliyezaliwa anayeweza kumwaga asali akiwa na akili zake.

Nzilani alikuja kutoka Salama Ijumaa, akakuta mama yake amekaa kwenye mlango wa jiko baridi.

"Niliwaambia, mwaitu, mama yangu," alisema akilia. "Nilienda kwa Mzee Ndululu nikamwambia najua hiyo asali. Akasema mtoto hawezi kuwa shahidi ya mama yake."

"Na wewe unasema nini?"

Msichana alivuta kamasi, akatazama chini. "Kadi zimeshagawanywa. Watu ya Salama wamelipia basi. Mwaitu, kubali tu. Mungu anajua ukweli."

Mbula alimtazama binti huyo aliyemsomesha kwa kuuza vikapu, akaona anaogopa. Akakubali. Jumapili ile alisimama mbele ya kanisa zima akasema kwa kinywa chake kwamba alihifadhi asali ya kupikia pombe na kwamba anatubu. Wanawake wengine walilia. Mwimbaji mmoja wa kwaya alitikisa kichwa kwa furaha ya mtu anayependa dhambi za jirani. Kisha Mbula akatembea mpaka benchi la nyuma.

Benchi hilo lilikuwa karibu na mlango, fupi, bila egemeo. Walikaa hapo waliotiwa adabu: mwanamume aliyeoa mke wa pili, msichana aliyezaa nyumbani, fundi aliyerudia chupa. Aliyekaa hapo hakula meza ya Bwana, hakuimba kwenye kwaya, hakupikia mkutano wala hakusimama kwa ajili ya mtu yeyote. Wakati mmoja Mbula aliwaonea huruma waliokaa pale. Sasa alijua kwamba huruma ya benchi la mbele haifiki nyuma.

Siku ya harusi ikafika. Mapambo ya karatasi yalining'inia, ngoma za kwaya zikarindima, Nzilani akaingia na gauni jeupe lililompendeza hata akawa kama si yeye. Pasta akauliza, "Nani anamtoa msichana huyu aolewe?"

Akasimama Kavata.

Hakuna aliyemwonya Mbula. Wazee walikuwa wamehitaji mama wa kusimama, na wakachagua rafiki wa nyumba. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha zambarau. Mbula naye, kwa ujinga wa matumaini, alikuwa amevaa chake. Basi wakawa wawili wa sare, mmoja mbele ameshika mkono wa bibi arusi, mwingine mlangoni kando ya fundi anayenuka dawa ya viatu. Nzilani aligeuka mara moja akatafuta nyuma kwa macho. Mbula alimpungia mkono mdogo, wa kumwambia endelea mwanangu. Kisha akainama akalia ndani ya leso yake, akilia kwa hasira, si kwa huzuni, na asitake mtu amwite mnyonge.

Baada ya ibada watu wakaketi kwenye vivuli vya turubai uani. Benchi la nyuma lilitolewa nje pia, likawekwa kando, kwa maana adabu haina likizo. Kavata ndiye aliyekuwa mkubwa wa jiko. Alikuwa na ufunguo wa stoo, sababu sahani na sufuria kubwa za kanisa zilikaa humo. Nyama ikapita, wali ukapita, kisha zikaja sufuria tatu, vifuniko vikafunuliwa, na ile harufu ikatembea uani. Mbula aliinua kichwa. Harufu ile aliijua kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake.

Msichana wa kugawa chakula alimletea sahani mpaka benchini. Mbula akachukua kipande kimoja, akatafuna polepole. Jivu, samli, chumvi, pilipili. Ndimu. Na chini ya vyote, nyuma ya ulimi, asali ya Mwingi. Asali yake mwenyewe, iliyochotwa kwenye kithembe chake mwenyewe, ndani ya stoo ya wazee.

Alitua kile kipande kilichobaki nusu. Alitazama uani, akaona Ndululu anafyonza kidole gumba na kuashiria aongezwe. Angesimama? Angepiga kelele katikati ya harusi ya mwanawe, mbele ya watu wa Salama, aonekane mama mlevi mwenye fujo? Asante ya punda ni mateke, na hata mateke haya ilibidi ayapokee kimya. Alimeza, akashika goti lake mwenyewe kwa nguvu.

Lakini Mungu alikuwa amemleta Muthoki, mama ya bwana arusi, na Muthoki hakuwa amefundishwa kunyamaza. Alikuwa mwanamke mnene wa furaha, aliyepika miaka ishirini barabarani. Alitafuna, akafumba macho, akafumbua.

"Aiya! Hii ni asali!" alisema kwa sauti ya kuita wateja. "Watu ya Matinyani, nani alifundisha nyinyi kutia asali kwa viazi? Mimi napikia madereva wa Mombasa, sijawahi kula kitu kama hii!"

Wageni wa Salama waliendelea kutafuna na kutabasamu, kwani hawakujua kitu. Wenyeji wote waliacha kutafuna. Ndululu alikuwa na kipande mdomoni, hakijulikani kama kinaingia au kinatoka.

"Ni nani amepika?" Muthoki akauliza tena. "Ni wewe mama wa kitambaa? Ni asali, si ndio?"

Kavata alisimama na mwiko mkononi.

Hapo Mbula akasimama kwenye benchi la waliotiwa adabu, mahali pasiporuhusiwa kusimama mtu. Sauti yake haikutetemeka.

"Mama Muthama, usimsumbue huyo," alisema. "Yeye aliapa mbele ya Mungu hajawahi kuona asali ikitiwa kwa viazi."

Akaketi, akachukua kile kipande alichotua, akakimalizia.

Ndululu alimeza kwa shida. Alinong'ona na pasta, kisha akaja akiburuta miguu hadi benchini. "Mama Nzilani, kuja mbele. Kuja ukae na wageni. Kuna watu wanataka kupiga picha."

"Mzee, harusi imeisha," Mbula alimjibu. "Mimi nilitaka kusimama wakati wa kuulizwa. Sasa mnaniitia picha?"

Alienda hata hivyo, kwa ajili ya Nzilani, akasimama pembeni ya picha na kitambaa chake cha zambarau. Nzilani alimng'ang'ania mkono mpaka kucha zikaingia. Kavata hakuonekana. Mbula alimkuta baadaye nyuma ya jiko, amechuchumaa mbele ya sufuria tupu, anasugua kwa mchanga.

"Niambie kitu moja," Mbula alisema. "Ulitia asali ili wajue ukweli? Ulitia kwa sababu yangu?"

Alitamani jibu liwe ndiyo. Ajabu ni hiyo, hata baada ya yote yale. Angesema ndiyo, hata kwa uongo, Mbula angepata mahali pa kuanzia kumsamehe.

"Nilionja ikawa haina ladha," Kavata alisema. "Na wageni walikuwa wanakuja."

Sufuria ilikwaruza mchanga.

"Miaka kumi, Mbula. Kila sherehe watu wanasema viazi ya Mama Nzilani. Mimi ni wa kuosha sufuria. Kuna siku moja ulisema hata jina yangu?"

Mbula alikumbuka sherehe moja baada ya nyingine, akitafuta siku hiyo. Hakuipata, na hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli.

"Ungeniomba sufuria, ningekupa," alisema mwishowe. "Ningekupa na asali. Wewe ulichukua mahali pangu kwa mtoto wangu. Hiyo utairudisha na nini?"

Kavata aliinamia tena sufuria akasugua. Mbula akaenda stoo akachukua vithembe vyake, kimoja kizima, kingine nusu. Hakuna mzee aliyemzuia.

Jumapili iliyofuata pasta alitangaza kwamba kanisa lilikosea, na kwamba Mama Nzilani ameondolewa adabu, arudi mahali pake mbele. Watu wakageuka wakitarajia kumwona akipita. Mbula aliinuka kwenye benchi la nyuma, akasema, "Pombe sikupika. Lakini nilisimama hapa nikamwambia Mungu nilitaka kupika. Huo ni uongo, na ulisemwa madhabahuni. Nyinyi mlinipa miezi tatu. Imebaki miezi mbili na nusu, na mimi nitaimaliza." Kisha akaketi. Ndululu alitazama buti zake, na hakuna aliyepata andiko la kumpinga.

Tangazo la pili lilikuwa la Kavata, aliyeapa uongo mbele ya wazee. Alisimama pale mbele, kwenye benchi walilokalia pamoja kwa miaka, akatembea peke yake katikati ya kanisa mpaka nyuma. Mwanamume wa wake wawili alikuwa pale, na msichana na mtoto wake, na fundi. Benchi lilikuwa fupi. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kando ya Mbula.

Kavata alifika akasimama, akingoja, macho yamejaa maji. "Mama Nzilani," alinong'ona.

Mbula aliichukua Biblia yake iliyokuwa mapajani, akaiweka juu ya ile nafasi, akaifunika na leso. Kavata akasimama hapo mlangoni mpaka ibada ikaisha.